Chanda Chema na Pete: Habari za Dereva Justin Wilson

Katika mazungumzo ya leo twataka kuwaeleza habari za kijana mmoja wa Uingereza, jina lake Justin Wilson, aliyefanya kazi ya kuendesha motokaa za mashindano. Huenda baadhi yenu watauliza: Mashindano ya motokaa yatufaa nini sisi, watu wa jembe na watu wa vitabu? Swali hilo ni la haki, nasi tutajitahidi kulijibu. Habari hii si ya motokaa tu. Ni habari ya mtu aliyeonyesha kwa kazi yake kwamba astahili kupanda, kisha akaukuta mlango umefungwa. Tena ni habari ya watu waliosaidia kuufungua.

Wahenga walisema: Chanda chema huvikwa pete. Methali hii twawafundisha watoto shuleni, nao huifahamu upesi, maana yake ni kwamba mtu mwema hutuzwa. Lakini methali haisemi pete hutoka wapi, wala ni nani huinunua. Jambo hilo ndilo tutakalolitazama leo.

Kwanza yafaa tueleze mashindano yenyewe. Mashindano ya motokaa yaliyo makubwa kupita yote huitwa Fomula 1. Neno fomula hapa maana yake ni kanuni zilizoandikwa: injini iwe na ukubwa gani, gari liwe na uzito gani, magurudumu yawe na upana gani, na mengine mengi. Gari lisilofuata kanuni hizo halikubaliwi kushindana. Ubingwa wa dunia wa Fomula 1 ulianza mwaka 1950, na mbio zake za kwanza zilifanyika Silverstone, nchini Uingereza. Gari lake lina kiti kimoja tu, na dereva huketi amenyoosha miguu mbele, amebanwa huku na huku kama mtu aliyelala ndani ya mtumbwi mwembamba. Nafasi ni chache mno. Katika mwaka 2003, ambao tutautaja tena, zilikuwapo timu 10, na kila timu ilikuwa na magari mawili; basi, katika dunia nzima nafasi zilikuwa 20 tu.

Chini ya Fomula 1 ziko fomula ndogo, nazo zimepangwa kama ngazi, au kama madarasa ya shule. Darasa la kwanza ni la watoto. Hao huendesha vigari vidogo viitwavyo karti, visivyo na springi wala paa, vyenye injini ndogo iliyo karibu na kiti. Humo mtoto hujifunza kushika usukani, kukata kona, na kumpita mwenzake bila ya kumgonga. Akiisha kukua huingia katika gari dogo la kiti kimoja, kisha katika lenye nguvu zaidi, na kadhalika, hata afike juu. Kila darasa lina ubingwa wake kila mwaka.

Lakini kuna jambo moja linalotofautisha ngazi hii na shule zetu. Shuleni, mwanafunzi akishinda mtihani hupandishwa darasa. Katika shule ya motokaa, kushinda mtihani ni nusu ya safari tu. Nusu ya pili ni karo, na karo huzidi kila darasa. Magurudumu huchakaa haraka yakahitaji mapya. Injini hufunguliwa na kufungwa tena. Mafundi hulipwa mishahara. Magari husafirishwa kutoka nchi hata nchi. Kijana hodari asiye na fedha hubaki chini ya ngazi, hali amwona mwenziwe asiyemzidi akipanda. Haya sharti tuyakumbuke, ndipo tutakapoyafahamu yaliyompata Justin Wilson.

Alizaliwa tarehe 31 Julai mwaka 1978 katika mji wa Sheffield, mji uliojulikana tangu zamani kwa visu vyake na chuma chake. Baba yake naye alikuwa amepata kushindana kwa motokaa katika ujana wake. Basi mtoto alikua akisikia habari za injini nyumbani. Alianza kwa karti tangu utoto wake, kama waanzavyo wengi. Mwaka 1994, alipokuwa na umri wa miaka 16 tu, alishinda mbio katika fomula ya vijana iliyoitwa Fomula Vauxhall Junior. Yasemwa kwamba yeye ndiye wa kwanza wa umri huo kushinda mbio za motokaa Uingereza.

Hapa liko neno ambalo yatupasa sisi walimu kulisikia vizuri. Justin Wilson alikuwa na shida ya kusoma iitwayo disleksia. Mtu mwenye shida hii si mjinga, wala si mvivu. Akili yake yaweza kuwa kali sana, lakini maneno yaliyoandikwa humpa taabu kuyatambua upesi na kuyaandika sawasawa. Mwalimu asiyezijua habari hizi huenda akamwadhibu mtoto kwa uvivu ambao mtoto hanao. Wilson alipokuwa mtu mzima hakuificha shida hiyo. Aliisema hadharani, akafanya bidii watu waijue, ili watoto walio nayo wasijidharau. Basi ninyi wanafunzi mnaotusikiliza, mkimwona mwenzenu akikwama katika kusoma, msimcheke. Hamjui Mungu ameweka nini mikononi mwake.

Tuendelee na ngazi yetu. Kutoka fomula ya vijana Wilson alipanda akaingia Fomula Vauxhall yenyewe, akashindana humo mwaka 1996 na mwaka 1997. Alionekana kuwa dereva mwepesi, lakini ubingwa hakuupata. Hapo ndipo wengi hukwama. Miaka inakwenda, fedha zinakwisha, na macho ya wakubwa yamekwisha kuwageukia wadogo wanaokuja nyuma.

Mwaka 1998 ulianzishwa mfano mpya wa mashindano, jina lake Fomula Palmer Audi. Aliyeuanzisha ni Jonathan Palmer, mtu aliyesomea udaktari, kisha akawa dereva wa Fomula 1 toka mwaka 1983 hata mwaka 1989. Yeye aliijua ngazi na aliyajua matatizo yake. Kwa hiyo alifanya hivi: magari yote yalikuwa ya namna moja, nayo yalitunzwa na mafundi wa mahali pamoja. Hapana mtoto wa tajiri aliyeweza kujinunulia injini bora kuliko mwenziwe. Tena zawadi ya bingwa haikuwa kikombe tu cha kuweka kabatini; ilikuwa ni kulipiwa gharama za mwaka mzima katika darasa la juu, yaani Fomula 3000. Justin Wilson alishinda ubingwa huo mwaka ule wa kwanza. Mwaangalie, wasikilizaji, jinsi mambo yalivyogeuka: mahali palipowekwa mizani ya sawa, uhodari ulionekana mara moja.

Fomula 3000 ilidumu toka mwaka 1985 hata mwaka 2004, nayo ilikuwa ndiyo darasa la mwisho kabla ya Fomula 1. Hesabu ile ya 3000 ilitokana na ukubwa wa injini, yaani sentimita za ujazo 3,000, au lita 3. Huko nako, wakati wa Wilson, madereva wote walitumia magari ya kiwanda kimoja, Lola, na injini za namna moja. Tena mbio zake zilifanywa katika viwanja vile vile vya Fomula 1, katika siku zile zile; kwa hiyo wenye timu kubwa waliweza kuwaona vijana kwa macho yao wenyewe.

Mwaka wa kwanza, 1999, Wilson alipata pointi chache tu. Mwaka 2000 alihamia timu nyingine, iliyoitwa Nordic Racing, naye akaanza kukaribia mbele. Mwaka 2001 ndio mwaka wake. Mbio zilikuwa 12. Alishinda katika uwanja wa Interlagos huko Brazili, akashinda Austria, akashinda Hungaria. Na mahali asiposhinda, mara nyingi alifika nyuma ya mshindi tu. Mwisho wa mwaka alikuwa na pointi 71. Aliyemfuata, Mark Webber wa Australia, ambaye baadaye alikuja kuwa dereva mashuhuri wa Fomula 1, alikuwa na pointi 39. Katika miaka 20 ya Fomula 3000, Justin Wilson ndiye Mwingereza pekee aliyepata kuwa bingwa.

Basi, chanda kilikuwa kimekwisha kuonekana kuwa chema. Je, pete ilivikwa? La, haikuvikwa. Mwaka 2002 ulifika, wala bingwa hakupata nafasi katika Fomula 1.

Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuwa mwili wake. Justin Wilson alikuwa mrefu sana, kiasi cha futi 6 na inchi 4. Katika kazi nyingi urefu ni baraka. Bali katika gari la Fomula 1 ni taabu. Magoti hayapati pa kukaa, na kichwa hutokeza juu kikapigwa na upepo. Katikati ya mwaka 2002 timu moja ndogo ya Italia, iitwayo Minardi, ilihitaji dereva kwa mbio mbili. Walimtaka Wilson, lakini alipoingia garini hakuenea. Nafasi ile akapewa Mwingereza mwingine, Anthony Davidson, aliye mfupi. Fikirini uchungu wake: mtu kungojea mlango ufunguliwe siku nyingi, nao ukiisha kufunguliwa, aambiwe kwamba mlango ni mdogo kuliko yeye.

Sababu ya pili ndiyo tuliyoitaja mwanzoni, nayo ni fedha. Timu ya Minardi ilikuwa maskini. Kwa mwaka 2003 ilikubali kulitengeneza gari limfae mtu mrefu, lakini ilimtaka dereva aje na fedha. Baba yake hakuwa na mamilioni, wala hapakuwa na kampuni kubwa iliyojitokeza kumlipia. Tungeweza kudhani kwamba hadithi imekwisha.

Ndipo Jonathan Palmer, ambaye sasa alikuwa msimamizi wake, alipobuni shauri ambalo halikuwa la kawaida katika mashindano hayo. Waliunda kampuni ya hisa, na mali ya kampuni hiyo ilikuwa kazi ya dereva mmoja. Mtu yeyote aliyependa aliweza kununua hisa kwa pauni 500 au zaidi, naye kwa hizo akapata haki ya sehemu ya mapato ya Wilson katika miaka ya mbele, kama mapato hayo yangekuwapo. Mamia ya watu walinunua. Wengi wao walikuwa watu wa kawaida, wapenzi wa mashindano. Fedha zilizopatikana zilizidi pauni milioni moja.

Haba na haba hujaza kibaba. Neno hili twalijua sote, lakini angalieni tofauti iliyopo. Wilson hakuomba sadaka. Aliwaambia watu: Hii ndiyo kazi yangu, hizi ndizo pointi zangu, nanyi mkiniamini tutakuwa washirika. Ni kama wavuvi waungapo kununua jahazi moja: bahari ikiwa njema wote hula, na upepo ukiwa mbaya wote husubiri. Hakuna aliyeweza kuwahakikishia faida. Walakini walitoa, maana walikuwa wameiona kazi yake.

Hivyo, tarehe 9 Machi mwaka 2003, katika mji wa Melbourne nchini Australia, Justin Wilson alianza mbio zake za kwanza za Fomula 1. Gari la Minardi lilikuwa miongoni mwa magari ya nyuma kabisa kwa mwendo. Hata hivyo alijulikana upesi kwa jinsi alivyoondoka: taa zikizimwa, kabla ya kona ya kwanza, alikuwa amekwisha kuwapita watu wenye magari bora kuliko lake. Katika mbio za pili, huko Malesia, joto lilikuwa kali. Mikanda pamoja na kifaa kipya cha kukinga shingo vilimbana mabegani, mikono yake ikafa ganzi hata asiweze kuendelea, akawa hana budi kusaidiwa kutoka garini. Mwili ule mrefu uliendelea kumdai.

Baada ya mbio 11 timu ya Jaguar, iliyokuwa na nguvu kuliko Minardi, ilimchukua. Tarehe 28 Septemba mwaka 2003, huko Indianapolis nchini Marekani, alimaliza wa nane akapata pointi moja. Pointi hiyo ilikuwa ya kwanza, nayo ikawa ya mwisho. Mwaka uliofuata kiti chake alipewa kijana wa Austria, Christian Klien, aliyeungwa mkono na kampuni ya Red Bull. Hatusemi kwamba Klien hakuijua kazi yake. Alikuwa dereva wa kweli. Twasema tu kwamba fedha zilipanda mizani tena, na Wilson akashuka. Mbio zake zote za Fomula 1 zilikuwa 16.

Wasikilizaji, mtu mwingine angalirudi nyumbani akakaa kizingitini, akawasimulia wapita njia jinsi alivyodhulumiwa. Wilson hakufanya hivyo. Mwaka 2004 alivuka bahari akaenda Marekani, ambako kuna mashindano mengine makubwa ya magari ya kiti kimoja. Huko alishinda mbio 7 toka mwaka 2005 hata mwaka 2012. Moja ya hizo yastahili kutajwa. Mwaka 2009, katika uwanja wa Watkins Glen, aliiletea timu ya Dale Coyne ushindi wake wa kwanza, timu ambayo ilikuwa imeshindana kwa zaidi ya miaka 20 pasipo kushinda hata mara moja. Mtu aliyejua maana ya kungoja mlangoni alikuwa ndiye aliyewafungulia wenziwe.

Mwisho wake ulikuwa wa huzuni. Tarehe 23 Agosti mwaka 2015, katika uwanja wa Pocono, jimbo la Pennsylvania, gari la mwenzake mmoja aliyekuwa akiongoza liliteleza likagonga ukuta. Kipande cha pua ya gari lile kiliruka juu, kikampiga Wilson kichwani, naye alikuwa akipita nyuma, wala hakuwa na kosa. Alifariki siku ya pili yake, akiwa na umri wa miaka 37, akaacha mke na mabinti wawili. Viungo vyake walipewa wagonjwa waliokuwa wakivihitaji, na kwa hivyo watu kadhaa wakapata kuishi. Kifo chake, pamoja na vifo vya wengine waliopigwa kichwani, kilizidisha nguvu ya hoja kwamba kichwa cha dereva kisiachwe wazi. Tangu mwaka 2018 magari ya Fomula 1 yana upinde wa chuma juu ya kiti, na tangu mwaka 2020 magari ya mashindano yale ya Marekani yana kioo kigumu mbele ya dereva.

Sasa turudi kwenye swali letu: habari hizi zatufaa nini? Twaona mambo mawili.

La kwanza ni kwa vijana. Uhodari hauna budi kuonekana kwanza. Wale mamia ya watu wasingalitoa pauni zao kwa ajili ya maneno matupu. Walimwona amekuwa bingwa, wakamwona amevumilia. Kijana atakaye kusaidiwa na aonyeshe kwanza kazi ya mikono yake, hata ikiwa ni kazi ndogo, naye asiache kuifanya vizuri kwa sababu hakuna mtu amtazamaye.

La pili ni kwa sisi wazee na wazazi, nalo ni zito zaidi. Chanda hakijivishi pete chenyewe. Ni lazima wawepo watu wa kuinunua na kuivisha. Mahali Palmer alipoweka magari ya namna moja, Wilson alishinda. Mahali palipotakiwa mfuko mzito, alizuiwa, mpaka watu wakaunga nguvu. Basi tukiona katika kijiji chetu mtoto aliyeshinda masomo yake, naye anarudi kuchunga mbuzi kwa kukosa karo, tusiseme kwamba ndivyo alivyoandikiwa. Tuulizane kwanza: Je, sisi tumefanya nini? Watu 100 wakitoa kidogo kila mmoja, hakuna atakayelala njaa, na mtoto atasoma. Tena tusimpe kama masikini, bali tumpe kama mshirika wetu, ili naye ajue kwamba ana deni la kufanya bidii, na kesho amvushe mwingine.

Huenda mtu akasema: Wale watu walinunua nini, ikiwa mwisho wake ni pointi moja tu? Sisi twajibu kwamba walinunua haki ya mtu kujaribiwa. Kushinda si kwetu kumpa mtu. Lakini kumfikisha mahali pa kushindania, hilo laweza kuwa kwetu.

Haya ndiyo tuliyokuwa nayo leo.